Aliyevunjika Moyo Aachwe Alie

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii nilikuwa naisikia tu darasani, mpaka nilipokuwa kidato cha kwanza, baba alipofunga mizigo yake akaenda kuishi na mke mwingine. Siku hiyo hakukuwa na vita wala kelele. Alichukua nguo zake, redio na baiskeli, akatuaga kama mtu anayekwenda sokoni. Hadi leo hajarudi.

Mpenzi msomaji, sisimulii haya ili unionee huruma. Nina neno ninalotaka kuwaambia Wakristo wenzangu, wakubwa kwa wadogo. Neno lenyewe ni hili: mtu aliyevunjika moyo asikatazwe kulia. Imani yetu huleta tumaini, naam, lakini haileti kwa kumziba mtu mdomo.

Juma lile la kwanza watu wengi walifika kwetu. Mmoja wao alimwambia mama mbele yetu sisi watoto, "Mama, wacha kulia. Machozi haya yanaonyesha huna imani. Wewe omba tu, na mzee atarudi." Mama akanyamaza. Tangu hapo akawa analia usiku, uso ameufunika kwa mto ili tusimsikie. Lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili, tungekosaje kumsikia? Mimi nami nikaanza kumwogopa Mungu ambaye, kama nilivyoambiwa, alikuwa anachukizwa na machozi ya mama yangu.

Basi nikaifungua Biblia mwenyewe, na ama kwa hakika nilistaajabu. Hana, aliyekuwa hana mtoto, aliomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, lakini Mungu alimsikia. Zaburi nazo zimejaa vilio na malalamiko. Yesu mwenyewe alilia Lazaro alipokufa, ilhali alijua kwamba punde si punde angemfufua. Je, naye alikosa imani? Soma Yohana mlango wa 11 ujionee.

Lakini aliyenifunza zaidi ni Elia, katika 1 Wafalme mlango wa 19. Nabii huyu shujaa alikimbilia nyikani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Malaika alipokuja hakumkemea wala hakumhubiria. Alimletea mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa maana safari ilikuwa ndefu. Mkate kwanza, safari baadaye!

Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka akina mama watatu wa kanisa letu. Hao walikuja juma la pili. Mmoja alileta unga, wa pili sukuma wiki na mafuta ya kupikia, wa tatu akamchukua mdogo wangu akakae kwake siku mbili ili mama apumzike. Waliketi naye jikoni. Mama akalia, nao wakalia pamoja naye, hakuna aliyemwambia wacha. Mwishowe mmoja wao akaomba, maombi mafupi sana. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mama alivaa viatu vyake vya mpira, akabeba kikapu, akaenda kuchuma majani chai. Kwangu mimi, hilo ndilo tumaini. Niliona likitoka nje ya mlango wetu.

Siku hizi mama huimba akiosha vyombo. Wimbo aupendao ni ule ulioandikwa na Horatio Spafford, wakili wa Chicago huko Marekani. Mnamo Novemba 1873 mkewe na mabinti zao wanne walikuwa safarini kwenda Ulaya katika meli iitwayo Ville du Havre. Meli hiyo iligongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki, ikazama. Mke aliokolewa, mabinti wote wanne wakafa maji. Wimbo wa amani ya roho ukatoka kwa baba aliyekuwa katika msiba. Hakuuandika kwa sababu wanawe walirudi. Hawakurudi.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunamwahidi mtu kwamba akiomba kwa bidii, alichopoteza kitarudi. Je, kisiporudi? Atafikiri Mungu amemkataa. Mumewe Naomi na wanawe wawili walikufa huko Moabu, na hawakufufuka. Lakini hakuachwa peke yake. Alikuwa na Ruthu, na baadaye akampakata mjukuu, Obedi, ambaye ndiye babu yake Mfalme Daudi. Tumaini lilikuja kwa mlango mwingine.

Najua wengine watanipinga waseme kulia kupita kiasi humdhoofisha mtu. Ni kweli. Mtu asiyekula, asiyelala, asiyetaka kuja shule, asiachwe hivyo hivyo. Hata Elia hakubaki chini ya mti. Lakini aliyeinuka ni yule aliyekwisha kulishwa.

Sasa nawageukia wanafunzi wenzangu. Hapa shuleni, mwenzetu akiachwa na mpenzi wake, darasa zima hucheka, na sisi wa Chama cha Wakristo tunamwambia haraka atubu. Mwingine wazazi wake wametengana na hana pa kusemea. Jamani, tusiwe kama yule mgeni wa kwanza nyumbani kwetu. Keti naye wakati wa chakula cha mchana, mgawie githeri yako, msikilize. Uchungu ukizidi, mfuatane kwa mwalimu wa ushauri. Aya za Biblia zitafuata, na zitaingia, kwa sababu moyo utakuwa umefunguka.

Baba hajarudi, na bado namwombea. Usiku nikimkumbuka mimi hulia, kisha naomba, kisha nalala. Asubuhi naamka nakuja shule. Mungu ninayemwomba sasa simwogopi tena kwa sababu ya machozi yangu.