Acheni kupamba kila nyumba kijivu na nyeupe

Wadau, leo naongea na wenzangu tunaopamba nyumba za kupangisha na za kuuza kabla hazijapigwa picha. Wengi wetu tulianza kwa kuuza mapazia na mashuka, mteja akasema "basi njoo unipangie na ndani", kazi ikaanza hivyo. Hakuna chuo hapo.

Sasa fungua picha za nyumba zinazotangazwa hapa Dodoma. Pazia la kijivu, kapeti jeupe la manyoya, ua la plastiki, na ile fremu ya maneno ya Kizungu. Kapeti jeupe na vumbi letu hili, mnajua wenyewe. Tunajiambia hiyo ndo salama. Salama kwa nani? Mpangaji anapitisha kidole kwenye simu, nyumba zote zinafanana, kinachobaki kuangalia ni bei. Mwenye nyumba anashusha kodi, na mwezi ujao anakugeukia wewe: punguza, maana hata fundi pazia wa jirani anaweza hiyo.

Sisemi upake sebule nzima zambarau halafu uombe Mungu. Jaribu kitu unachoweza kukitoa jioni hiyohiyo kikikataa. Doti moja ya kanga ni vipande viwili: kimoja weka kwenye fremu, kingine shona foronya za mito ya kochi. Ila soma jina la kanga kwanza! Zipo za vijembe, usije ukamtundikia mpangaji mpya ugomvi wa wake wenza sebuleni. Vikapu vya milulu vya Iringa vinapendeza ukutani, mkeka wa ukindu unakaa vizuri pembeni ya kitanda na unakung'utika.

Ukitaka rangi, chukua ukuta mmoja tu. Ukuta wa mita 3 kwa mita 2.7 ni kama mita za mraba 8. Lita moja inafunika karibu mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita 2 zinakutosha mikono miwili. Chumba chenye dirisha dogo usikipake rangi nzito, kitakula mwanga wote na picha itatoka kama stoo.

Na tusisingizie mtaji. Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar alichorea kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli. Leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Shida kubwa ni mwenye nyumba, na sio mjinga, nyumba ni yake na ikikaa tupu anayeumia ni yeye. Kuna mama mmoja alitaka nyeupe tupu. Sikubishana naye. Nilipanga sebule anavyotaka nikapiga picha, nikabadilisha kwa vitu vyangu nikapiga tena, dirisha lilelile, asubuhi ileile. Akakaa na zile picha mbili kimya muda mrefu. Mwisho sebule akachukua ya kwangu, chumba cha kulala akasema kibaki cheupe. Sawa mama. Hiyo ilinigharimu nusu siku tu, na ndo njia ninayotumia mpaka leo.

Vitu vya majaribio viwe vyako, sio hela ya mteja. Andikeni kabisa kwamba kikapu, mkeka na fremu ni vya kukodi kwa mwezi, mpangaji akiingia unavifuata au anavinunua. Msumari wowote uombewe ruhusa. Nyumba ya urithi ambayo ndugu hawajaelewana, mimi sigusi hata pazia.

Jambo moja sikubaliani nalo kabisa: kuficha ufa au unyevu nyuma ya kikapu halafu kuuita ubunifu. Mvua ya kwanza mpangaji atakipandisha hicho kikapu, na atakayepigiwa simu ni dalali aliyekuletea kazi.