AFYA NYUMBANI: Chai ya Manjano, Faida Zake na Hadhari Zake

Katika nyumba za pwani, toka Lamu hata Vanga, manjano ni kiungo kisichokosekana jikoni. Hutiwa katika mchuzi na katika wali, tena hupakwa usoni pamoja na liwa ili ngozi ipate kutakata. Hata rangi yenyewe huitwa kwa jina la mmea huu. Siku hizi watu wa bara nao hupenda kuyanywa kama chai, na sifa zake zimeenea mno: huyu husema yaponya magoti, yule husema yaondoa ugonjwa wa sukari, na mwingine hutaja hata saratani. Yafaa sifa hizo zipimwe, ili mwenye kunywa ajue anachokunywa, na mgonjwa asipoteze siku zake bure.

Manjano ni ndugu ya tangawizi. Kitumiwacho ni shina linalokua chini ya udongo, ambalo watu wengi huliita mzizi. Mkulima hupanda vipande vyake mvua zianzapo, mahali penye joto na udongo usiotuamisha maji, naye huvuna baada ya miezi 7 hata 10, majani yanapogeuka rangi na kukauka. Mizizi ya kuuzwa huchemshwa mpaka ilainike, huanikwa juani siku 10 hata 15, kisha husuguliwa ili ganda lake chafu litoke na rangi ionekane. Msomaji aikumbuke kazi hiyo ya kusugua, maana itatajwa tena.

Kitu kinachoyapa manjano rangi yake huitwa kurkumini. Vogel na Pelletier, wataalamu wa kemia, ndio waliokitenga kwa mara ya kwanza, katika mwaka wa 1815. Katika maabara kurkumini huonekana kuwa na nguvu ya kupunguza uvimbe, na hapo ndipo zilipotoka sifa nyingi. Walakini mwili wa mtu si chupa ya maabara. Kurkumini haiyeyuki vema katika maji, na ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia katika damu. Katika mwaka wa 1998 wataalamu wa Bangalore, nchi ya India, walionyesha kwamba ikimezwa pamoja na kiini cha pilipili manga, kiasi kiingiacho katika damu huongezeka mara 20. Mafuta nayo husaidia, kwa kuwa kurkumini huyeyuka ndani yake. Basi wapishi wa zamani, waliokaanga manjano katika samli pamoja na pilipili manga, hawakukosea.

Sasa na ifanywe hesabu. Kijiko kidogo cha unga wa manjano huchukua gramu 3 hivi, na katika kila gramu 100 za unga, kurkumini ni kama gramu 3 tu. Kwa hiyo kijiko kizima kina sehemu moja ya kumi ya gramu. Majaribio yaliyoonyesha nafuu kwa watu wenye maumivu ya magoti yalitumia kurkumini iliyokamuliwa, mara nyingi kama gramu moja kwa siku. Mtu atakaye kuipata gramu hiyo kwa unga wa kawaida atahitaji vijiko 10 kila siku, jambo ambalo tumbo lake halitalikubali. Tena katika mwaka wa 2017 wataalamu wa kemia wa Marekani walichungua kazi nyingi zilizoandikwa juu ya kurkumini, wakasema kwamba majaribio zaidi ya 120 yaliyofanyiwa watu yalikuwa bado hayajatoa dawa iliyothibitika.

Je, chai hii haina maana? La, sivyo. Ni kinywaji kizuri chenye joto, hakina kileo, na mtu akikinywa badala ya soda yenye sukari nyingi amefanya jambo la busara. Namna ya kuitengeneza ni hii. Chukua vikombe viwili vya maji na mzizi mbichi ulio sawa na nusu ya kidole cha mkono, uoshe, uumenye na kuuponda. Kama mzizi mbichi haupatikani, nusu ya kijiko kidogo cha unga yatosha. Tia pilipili manga iliyotwangwa, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili, na tangawizi ukipenda. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, uchuje, kisha utie maziwa. Mwenye kupenda utamu aweza kutia asali kidogo, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kamwe. Karani mwenye shati jeupe na ajihadhari: doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu, ila shati likianikwa juani doa hufifia.

Hadhari ya kwanza ni juu ya vidonge. Manjano ya chakula yametumiwa miaka na miaka bila dhara, lakini vidonge vya manjano yaliyokamuliwa ni jambo jingine. Katika mwaka wa 2022 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 10 walioumia ini kwa ajili ya vidonge hivyo, na mmoja wao alifariki. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, mwenye vijiwe vya nyongo, na mama mjamzito, wasivitumie bila kumwuliza daktari.

Hadhari ya pili ni kubwa zaidi, nayo yahusu kazi ile ya kusugua. Huko Bangladesh, katika miaka ya 1980, mafuriko yaliharibu mavuno, mizizi ikakauka vibaya na rangi yake ikafifia. Wenye vinu wakaanza kuisugua kwa rangi ya unga iitwayo kromati ya risasi, ambayo hung'aa sana. Madini hayo ya risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Huumiza zaidi ubongo wa mtoto, naye huenda asionyeshe dalili yoyote mpaka aanze kushindwa na masomo. Wataalamu walipochunguza manjano ya masoko ya Bangladesh katika mwaka wa 2019, waliikuta risasi katika sehemu 47 kwa kila mia. Serikali ikawatoza faini wafanya biashara waliokutwa na hatia, ikawaonya watu kwa magazeti na matangazo, na ilipofika mwaka wa 2021 risasi haikuonekana tena katika manjano yaliyopimwa. Habari hiyo yaonyesha kwamba ubaya huo waweza kukomeshwa, lakini pia kwamba ulidumu miaka mingi kwa sababu wanunuzi waliipenda rangi kali.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anunuaye manjano na afanye vivyo hivyo. Jicho haliwezi kuipima risasi iliyomo katika unga, basi ni heri kununua mzizi mzima, tena ule wenye ganda la kahawia lisilong'aa, kuliko ule uliopakwa rangi ya kupendeza na kuacha vumbi la manjano vidoleni. Mzizi uvunjwe, rangi itazamwe ndani, kisha utwangwe nyumbani. Mwenye shamba mahali pa joto na pa mvua aweza kupanda vipande vichache karibu na nyumba, akajua hakika ya kile wanachokunywa watoto wake.

Neno moja limebaki. Wako watu wadhanio kwamba homa ya manjano hutibiwa kwa manjano, kwa sababu ya jina. Homa hiyo imeitwa hivyo kwa kuwa macho ya mgonjwa huweza kugeuka rangi, wala mmea huu hauiponyi; kinga yake ni chanjo. Mtu akiona macho yake yamekuwa ya rangi hiyo, ini lake huenda lina ugonjwa, na safari yake ni ya hospitali siku ile ile. Ni hivyo hivyo kwa mwenye malaria na mwenye ugonjwa wa sukari. Chai na inywewe baada ya dawa, isinywewe badala ya dawa.