Kabla ya kununua mashine ya majani, hesabu watoto walioko uani

Jumamosi moja mvua za masika zilipokatika, kokoto ndogo kama punje ya harage iliruka kutoka uani kwetu ikampiga binti yangu juu ya nyusi. Alikuwa amesimama barazani akimwangalia kijana anayetukatia majani.

Damu haikuwa nyingi. Daktari alipomaliza kusafisha kidonda, aliweka kidole palipochanika, kisha akakishusha taratibu hadi kwenye jicho la mtoto. Akaniuliza, "Mama, hapa na hapa kuna umbali gani?" Sikuwa na jibu.

Simlaumu sana kijana. Mashine yake ya mafuta ilikuwa imefunguliwa kikinga, kile kibati cha plastiki kinachokaa juu ya uzi, kwa sababu, kama alivyosema, "kinajaza majani mama, kinachelewesha kazi." Lakini aliyemwacha mtoto barazani ni mimi.

Baada ya hapo baba watoto akasema tununue mashine yetu ndogo ya betri, tukate wenyewe, kwa wakati tunaoutaka. Nilikubali. Nilidhani kazi iliyobaki ni kulinganisha bei tu. Kumbe kuna mengi ya kuuliza, na wazazi wengi mmekuwa mkiniuliza, maana mashine hizi sasa zimejaa madukani. Leo nawapa niliyojifunza.

Swali la kwanza si bei

Mashine hizi hazikati kwa kisu. Zinakata kwa uzi wa nailoni unaozunguka kwa kasi. Aliyezibuni ni Mmarekani George Ballas wa Houston, mwaka 1971, baada ya kutazama brashi za kuoshea magari zikizunguka. Alitafuta njia ya kukata majani yaliyozunguka miti yake.

Uzi unaonekana laini, na hapo ndipo tunapodanganyika. Chukua mashine inayokata upana wa sentimita 25 na kuzunguka mara 7,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha ya uzi inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kokoto, kipande cha chupa au kizibo cha soda kikiguswa na ncha hiyo, hakichagui pa kwenda.

Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi vinataka watu wengine wakae umbali wa mita 15 kutoka kwa anayekata. Sasa fikiria kiwanja cha mita 20 kwa 20, katikati kuna nyumba. Hiyo mita 15 utaipata wapi? Kwa viwanja vyetu wengi, maana yake ni moja: watoto wawe ndani na mlango umefungwa, au wawe wamekwenda kwa bibi. Barazani ni uani vilevile.

Kwa hiyo ukifika dukani, anza na vitu vitatu. Kikinga kiwepo, kiwe kigumu, na kifungwe kwa skrubu imara. Kiwepo kitufe cha usalama, yaani mashine isiwake mpaka ubonyeze vitu viwili kwa pamoja. Na betri itoke kwa urahisi, kwa sababu utaitoa kila unapogusa kichwa cha uzi na kila unapoiweka mashine chini.

Hili la betri nalisisitiza. Mashine ya mafuta inamtisha mtoto: inanguruma, inatoa moshi, na kuiwasha ni lazima uvute kamba kwa nguvu. Ya betri imekaa kimya kama mwanasesere. Mtoto wa miaka sita akiikuta imeegemezwa ukutani na betri ikiwa ndani, kidole tu kinatosha.

Usibabaishwe na volti

Duka la kwanza niliambiwa, "Dada, chukua hii, 88V, haina mpinzani." Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya jirani yake iliyoandikwa 18V. Nikamwomba fundi niliyekwenda naye aipime betri kwa mita. Ikasoma volti 20 na kidogo. Muuzaji akacheka, "Hiyo 88 ni jina la modeli tu."

Betri nyingi za mashine ndogo zina seli za lithiamu tano zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila seli hufanya kazi kwa takriban volti 3.6, hivyo tano ni 18. Ikiwa imejazwa kabisa, betri hiyohiyo hufika volti 20 au 21. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V mara nyingi ni kitu kilekile. Zipo pia za 36V na 40V, ambazo zina seli nyingi zaidi, ni nzito zaidi na hufaa eneo kubwa.

Kipimo cha kuuliza ni wati-saa. Zidisha volti kwa Ah zilizoandikwa kwenye betri. Betri ya 18V na 4Ah ina wati-saa 72. Ile ya 18V na 2Ah ina 36, nusu yake. Mota ikivuta wati 300, betri ya wati-saa 72 itakwenda dakika 14 hivi. Ukikata ukoka laini kwa kuachia kitufe mara kwa mara, utapata zaidi. Muuzaji akikuahidi saa mbili kwa betri moja ndogo, mwambie akuwashie akukatie majani mbele yako.

Umeme wa kuchaji usikutie hofu. Uniti moja ya Luku ni wati-saa 1,000, hivyo inachaji betri hiyo zaidi ya mara kumi. Gharama kubwa iko kwenye betri yenyewe itakapochoka. Uliza leo betri ya akiba inauzwa bei gani na kama ipo dukani. Kama baba watoto tayari ana drili ya betri, tafuta mashine ya kampuni ileile inayotumia betri ileile. Unaweza kununua mashine tupu ukaokoa fedha.

Uzi, visu na minyororo

Uzi wa milimita 1.6 unatosha kwa ukoka wa uani. Magugu yenye shina yanahitaji wa 2.0 hadi 2.4. Usiweke uzi mnene kuliko ule uliotajwa na mtengenezaji, utaichosha mota na kumaliza betri mapema. Uliza pia kama roli za uzi wa mashine hiyo zinapatikana, na uzi unatoka vipi ukipungua: wenyewe, au kwa kugonga kichwa chini.

Boksi la mashine ya bei nafuu mara nyingi huja na zawadi nyingi: visu vya plastiki, visu vya chuma, wakati mwingine hata diski yenye mnyororo. Kwa nyumba yenye watoto, tumia uzi tu. Vichwa vya chuma vilivyoungwa kwa pingili kama mnyororo ni hatari kiasi kwamba mwaka 2012 Kamisheni ya Ulaya iliziagiza nchi wanachama zizuie kuuzwa kwake kwa mashine za kushika mkononi. Pingili moja ikikatika inaruka kama risasi. Kwa sababu hiyohiyo, uzi ukiisha usikubali kuwekewa waya wa chuma badala yake, hata kama fundi anakuambia "utadumu."

Ipime mkononi

Mashine hizi nyingi zina uzito wa kilo mbili na nusu hadi nne zikiwa na betri. Iombe ikiwa na betri ndani, uishike dakika tano, uizungushe kushoto na kulia. Mgongo ukianza kulalamika dukani, nyumbani itakuwa mapambo ya stoo. Angalia kama mpini unaongezwa urefu, maana baba na mama si lazima wawe na kimo kimoja.

Na si kila nyumba inahitaji mashine. Ua wa hatua chache unamalizwa kwa fyekeo kwa nusu saa. Kama majani yako yanafika kiunoni, ya betri itakuchosha. Muite kijana mwenye mashine kubwa, lakini mwambie kabla hajaanza: kikinga kwanza, watoto ndani, ndipo kazi.

Siku ya kukata

Pita uani kwanza na ndoo uokote mawe, chupa, mifupa na vipande vya waya. Vaa suruali ndefu, viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kazi inayoziba pembeni. Ya kusomea haitoshi. Miche ya miembe na mipapai ing'olee majani kwa mkono kuzunguka shina, kwani uzi huchuna gome na mti mchanga ukichunwa pande zote hukauka.

Ukiona mtu anakuja, zima, subiri uzi usimame. Ukimaliza, toa betri. Usiichaji kitandani wala kuiacha kwenye gari juani, na ikivimba usiitumie tena. Ya kwetu inakaa juu ya kabati la dawa, mashine iko stoo. Vitu hivyo viwili havilali chumba kimoja.

Tulichonunua mwishoni ni 18V yenye betri mbili za 4Ah. Haikuwa ya bei ya chini, na tulisubiri mwezi mmoja zaidi kuipata. Kovu la binti yangu limebaki mstari mwembamba kwenye nyusi. Siku za kukata majani yeye ndiye mwenye kazi ya kumwingiza mdogo wake ndani na kufunga mlango. Akishafunga hugonga dirisha mara mbili, nami siwashi mpaka nisikie.