Kinga Isiyo na Breki Nayo ni Maradhi

Katika madarasa yetu ya Biolojia tumezoea kuieleza kinga ya mwili kwa mfano wa vita. Viini vya maradhi ni adui, chembe nyeupe za damu ni askari, na mwili ni ngome. Mfano huo unafaa kwa kuanzia, na mwanafunzi huushika upesi. Lakini nathubutu kusema kwamba tukiishia hapo tunampa mwanafunzi nusu ya elimu, na nusu hiyo yaweza kumdhuru. Humfanya aamini kuwa kadiri kinga inavyokuwa kali, ndivyo afya inavyokuwa njema. Sivyo. Kinga isiyozuiliwa ni maradhi, kama vile kinga isiyotosha ilivyo maradhi.

Wakazi wa Kigoma wanaijua Reli ya Kati, iendayo zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayeruhusu garimoshi liondoke kwa sababu tu injini ina nguvu. Atakagua breki pia. Mwili nao una breki zake. Hizo ni protini zinazokaa juu ya utando wa chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kuziamuru chembe hizo zipunguze mwendo au zisimame.

Tuchukue mfano wa protini iitwayo CTLA-4, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1987. Protini hii hupatikana katika chembe nyeupe za aina ya T. Chembe T inapoamshwa ili ishambulie kiini cha maradhi, baada ya muda CTLA-4 hujitokeza juu ya utando wake na kuituliza. Mwaka 1995 wataalamu walichunguza panya waliozaliwa bila jeni ya protini hiyo. Chembe T za panya hao ziliongezeka bila kikomo, zikaivamia mioyo yao na viungo vingine, na panya wakafa wakiwa na umri wa majuma matatu au manne tu. Hawakuuawa na kiini chochote kutoka nje. Waliuawa na askari wao wenyewe.

Mwaka uliofuata, James Allison na wenzake huko California, Marekani, walionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Waliwatia panya wenye saratani kingamwili inayoiziba CTLA-4. Breki ilipolegezwa, chembe T ziliushambulia uvimbe na kuuondoa. Mwaka 2011 dawa iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya saratani kali ya ngozi, na mwaka 2018 Allison alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani, aliyegundua breki nyingine iitwayo PD-1. Lakini wagonjwa wanaotumia dawa hizo huweza kupata uvimbe wa utumbo, au maradhi ya tezi ya shingo, kwa kuwa chembe zilizofunguliwa hazichagui uvimbe peke yake. Kwa upande mwingine, dawa iliyotengenezwa kwa kutumia sehemu ya CTLA-4 yenyewe iliidhinishwa mwaka 2005 ili kutuliza baridi yabisi, ambayo ni ugonjwa wa mwili kujishambulia. Kwa hiyo protini ni ile ile moja: ikizibwa, saratani hurudi nyuma, ikiongezwa, mwili huacha kujila.

Pengine msomaji wa Ujiji, Kibirizi au Kalya atauliza: haya ya panya wa California yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa sababu ya malaria.

Kila mwalimu wa Biolojia hufundisha habari za selimundu. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata ahueni ya malaria kali. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Kuna mfano wa pili, nao ulithibitishwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika chembe nyeupe za aina ya B, ambazo hutengeneza kingamwili, kuna protini ya breki inayojulikana kwa alama FCGR2B. Baadhi ya watu hurithi protini hii ikiwa na badiliko dogo linaloifanya ishindwe kazi yake. Mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza na Kenya walitangaza kwamba watoto wa Kilifi waliorithi badiliko hilo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Lakini watu wa Ulaya na Asia wenye badiliko hilo hilo walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya lupasi, ugonjwa ambao kingamwili hushambulia viungo, ngozi na figo za mwenyewe. Tena badiliko hilo limeenea zaidi Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, mahali ambapo malaria imewaandama watu kwa maelfu ya miaka, kuliko Ulaya.

Maana yake ni kwamba mbu ameshiriki katika kuzirekebisha breki za miili yetu. Breki legevu ilimwokoa mtoto, lakini yaweza kumgharimu akiwa mtu mzima. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imekuwa nyingi, na kila hatua tunayopiga katika kuipunguza yatupasa tuitazame pamoja na jambo hili. Malaria inapopungua, hasara za kinga kali hazitoweki pamoja nayo.

Tusiusahau pia mguu unaokanyaga mafuta. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao leo twajua kuwa ni saratani ya chembe B. Aligundua kuwa huonekana zaidi katika nchi zenye joto na mvua zilizo chini ya meta 1,500 hivi. Mwambao wa Ziwa Tanganyika una mwinuko wa meta zipatazo 770. Malaria ya mara kwa mara, pamoja na kirusi cha Epstein-Barr, huzichochea chembe B zizaliane bila kupumzika, na katika kuzaliana huko kipande cha kromosomu chenye jeni ya MYC huweza kuhama mahali pake. MYC ni protini inayoamuru chembe ikue. Jeni yake ikihamia mahali pasipofaa, amri hiyo haikomi.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, somo la kinga lifundishwe kuwa somo la uwiano. Mwanafunzi anayejua kwamba sukari ya damu ikizidi ni ugonjwa na ikipungua ni ugonjwa hatashindwa kuelewa kwamba kinga nayo ni hivyo.

Pili, tuwaandae vijana kuzipima tangazo za masokoni. Huuzwa chupa na vifurushi vinavyodaiwa kuongeza kinga kwa kila mtu na kwa kila ugonjwa. Kijana aliyeelimika aulize: ni chembe ipi inayoongezwa, kwa kiasi gani, na breki inakuwaje? Asiyeweza kujibu hauzi dawa. Chanjo haimo katika lawama hii, kwa kuwa chanjo huufundisha mwili kumtambua adui mmoja maalumu, na haizing'oi breki.

Tatu, elimu hii ifike nyumbani. Mtoto akivimba taya, na meno yakianza kulegea, asizungushwe kwa waganga mwezi mzima. Uvimbe wa Burkitt hukua upesi mno, lakini pia husikia dawa kuliko saratani nyingi, ikiwa mgonjwa atafikishwa hospitali mapema. Vivyo hivyo, mwanamke kijana mwenye homa zisizokwisha, maumivu ya viungo na vipele usoni, ilhali vipimo havionyeshi vimelea vya malaria, asimezeshwe dawa za malaria tena na tena, wala asiambiwe kuwa amerogwa. Apelekwe kwa daktari, na jina la lupasi litajwe.

Safari kutoka vijiji vya ziwani hadi hospitali ya mkoa ya Maweni ni ndefu, na kutoka hapo hadi Bugando au Ocean Road ni ndefu zaidi. Mara nyingi anayeamua kama safari hiyo ianze leo au baada ya miezi miwili ni kaka au dada aliye sekondari, kwa kuwa ndiye anayeulizwa nyumbani, "Ninyi mliosoma mnasemaje?" Ni wajibu wetu walimu kuhakikisha kwamba siku hiyo ana jibu.