Mama Aliyepasuliwa Asihukumiwe



Huku kwetu Kilwa, toka Kipatimu hadi Kivinje, mama akirudi nyumbani na kovu la tumbo kwa sababu ya kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, maneno humtangulia: "Huyo ameshatolewa kizazi." Miaka miwili ikipita bila mimba, mume huanza kushauriwa aoe mwingine. Sisi wauguzi tunasema: kwanza ulizeni alifanyiwa nini.

Dawa zikishindwa kuzuia damu, daktari hupasua ili kuokoa maisha. Lakini upasuaji huo si wa aina moja. Mara nyingine mfuko wa uzazi hubanwa kwa nyuzi, kama alivyoeleza Daktari Christopher B-Lynch mwaka 1997, au hufungwa mishipa yake ya damu. Hapo kizazi kipo, na wengi hupata hedhi na mimba tena. Mfuko ukiondolewa, mama hatabeba mimba tena, lakini anabaki mke yule yule.

Wapo pia waliosafishwa kizazi tu ili kutoa mabaki ya kondo la nyuma. Hao huweza kupata makovu ndani, hedhi ikapungua au kukoma. Wengine, kwa damu waliyopoteza, huumia tezi iliyo chini ya ubongo: maziwa hayatoki, hedhi hairudi, uchovu hauishi. Hiyo si laana wala uchawi. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Kwa hiyo, baba, usimwachie mkeo peke yake siku ya kuruhusiwa. Muulizeni daktari: amefanya nini, kizazi kipo, mimba ijayo ingoje muda gani? Yaandikwe kwenye kadi, nayo itunzwe. Akiacha kunyonyesha na hedhi isirudi, mrudisheni hospitali. Mwenye kizazi apumzike walau miaka miwili, na uzazi unaofuata uwe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Msingoje uchungu uanze wakati masika yameharibu barabara.

Nanyi mama wakwe, kumbukeni kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa: utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Aliyemwaga damu ili mpate mjukuu anastahili shukrani, si kurudishwa kwao.

Mama Bikira Maria awaombee.