Mara kumi na tisa kwa usiku mmoja

Mwenzenu leo nimeingia kazini macho mekundu. Dada mmoja wa dawati la biashara akanipa pole ya malaria, mwingine akanusa kama ninanuka bia. Jamani, sikunywa wala siumwi. Jana kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa kasoro nilikuwa Kyushu, kusini mwa Japani, mwaka 1600, nauawa. Mara kumi na tisa. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu la kazi, lile la mikutano ya waandishi wa habari.

Gemu inaitwa Nioh. Imetengenezwa na Wajapani wa Team Ninja na ilitoka Februari 2017 kwa ajili ya PlayStation 4, kwa hiyo wadau mtanicheka kwamba nimechelewa. Nimechelewa kweli. Mshahara wa ripota unaujua. Nimeipata mkono wa pili kwa jamaa tuliyesoma naye chuo, akanikabidhi huku anacheka. Nikamuuliza kinachomchekesha ni nini. Akasema, "Utajua mwenyewe, kaka."

Nimejua.

Unaanza ukiwa mfungwa katika Mnara wa London. Pale mambo si mabaya, nikajiona mjuzi. Kisha unavuka bahari, unafika Japani, na mwanajeshi wa kawaida kabisa, mwenye kofia ya majani na mkuki wake, hata jina hana, anakuchoma mara mbili na safari imekwisha. Mimi nimekulia kwenye vibanda vya gemu, mia mia mkononi, nikibonyeza kitufe cha kupiga bila kupumzika. Humu ukibonyeza hivyo unakufa.

Sababu ni kitu kinachoitwa ki, yaani pumzi yako. Ukipiga inapungua, ukikwepa inapungua, ukikinga inapungua. Ikiisha, shujaa wako anasimama anahema kama mtu aliyepanda ghorofa ya nane siku lifti imekufa, na adui anakuja kuchukua chake taratibu. Ila ukishapiga, mwanga wa bluu unakusanyika mwilini mwako kwa muda mfupi sana. Ukibonyeza kitufe kwa wakati wake, sehemu ya pumzi inarudi. Ukiwahi unapata kidogo, ukichelewa hupati kitu. Juu ya hapo kuna namna tatu za kushika upanga, juu, kati na chini. Ya juu inaumiza lakini inakula pumzi, ya chini ni nyepesi na ya kukwepa. Unatakiwa kubadilisha katikati ya ugomvi, huku jini la Kijapani linakumwagia giza miguuni linalofanya pumzi irudi kwa kusuasua.

Nilipokufa mara ya saba nikaanza kusikia mdundo wake. Piga, piga, vuta pumzi, rudi nyuma. Mara ya nane nikalewa sifa, nikaongeza pigo moja. Unajua kilichotokea.

Kitu kilichonishika zaidi ni makaburi. Ukiunganisha intaneti, unakuta panga nyekundu zimechomekwa ardhini mahali walipofia wachezaji wengine wa dunia nzima, na ukisogea unasoma aliyekufa ni nani na ameuawa na nini. Mimi ninayeandika habari za ajali kila wiki nikajikuta nasimama kusoma. Wengi walianguka kutoka kwenye ukingo. Nikacheka. Hatua nne mbele nikaanguka kwenye ukingo uleule.

Wapo wanaosema gemu ngumu namna hii ni dharau kwa mchezaji. Sikubaliani. Katika vifo vyangu kumi na tisa, kumi na saba nilivitafuta mwenyewe. Viwili nadhani nilionewa, lakini hata hivyo mpinzani alikuwa anafuata sheria zilezile, na pumzi yake nayo inaisha. Malalamiko yangu ni mengine: vitu! Kila maiti inadondosha panga, kofia, viatu, glovu, mpaka mfuko wako unafanana na duka la mitumba, na unapoteza dakika kumi kulinganisha soksi.

Sasa niseme linaloniuma. Leo asubuhi nilimwomba mhariri wangu nafasi ndogo nichambue gemu hii. Akanitazama, akasema ukurasa wa michezo ni wa mpira, na kwamba mambo ya watoto niyaache nyumbani. Mzee wangu namheshimu, lakini hapa amekosea, na sababu ninayo.

Shujaa wa Nioh ni William, na William alikuwepo kweli. William Adams, baharia Mwingereza kutoka Kent, alifika Japani mwaka 1600 kwa meli ya Waholanzi iitwayo Liefde. Tokugawa Ieyasu akampa cheo na ardhi, na alifia Hirado mwaka 1620. Sawa. Lakini miaka 21 kabla yake, mwaka 1579, aliingia Japani Mwafrika mmoja akifuatana na padri wa Kijesuti, Alessandro Valignano. Wajapani walimwita Yasuke. Oda Nobunaga alipomwona mwaka 1581 aliamuru asuguliwe kwa maji, akidhani ameppakwa wino. Haukutoka. Akamchukua kumtumikia, akampa upanga na nyumba. Mjesuti Mfaransa aliyeandika mwaka 1627 alisema mtu huyo alitoka Msumbiji, yaani pwani hii hii yetu.

Yasuke yumo ndani ya Nioh. Sijamfikia bado, ila jamaa yangu ameshaniambia: yumo kama mtu wa kupigana naye. Mzungu ni wewe, Mwafrika ni wa kuuawa. Hata mnyama wa roho anayemlinda wamempa dubu wa Atlas, mnyama wa Afrika ya Kaskazini. Kutoka Msumbiji mpaka Moroko kuna safari, jamani. Na mwaka 2025, Assassin's Creed Shadows ilipomfanya Yasuke kuwa mmoja wa mashujaa wake wawili, mitandao iliwaka moto watu wakidai hakuwa samurai halisi. Kelele za namna hiyo juu ya William mimi sikuzisikia.

Hayo ndiyo nilitaka kuyaandika gazetini. Mambo ya watoto?

Pamoja na hasira zote, nitaendelea. Gemu ni nzuri, siwezi kuidanganyia. Nimekwama kwa Onryoki, jitu lililoko melini lenye minyororo miwili na vyuma vya mviringo mwishoni, na limeniua mara sita kati ya zile kumi na tisa. Leo nimenunua umeme wa elfu kumi kabisa. Yasuke nikimfikia, sijui kama mkono utanyanyuka.