Rumonge na Baraka: kilomita 40 angani, 200 barabarani

Kwa mstari ulionyooka, Rumonge ya Burundi na Baraka ya Kivu Kusini zimeachana kwa takriban kilomita 40 tu. Ndege ingemaliza safari hiyo kabla chai haijapoa, lakini Rumonge haina uwanja wa ndege, na gunia la ndagala halingemudu nauli yake.

Kwa gari, mfanyabiashara hupanda kwanza kaskazini zaidi ya kilomita 70 hadi Bujumbura, akavuka Gatumba na Kavimvira kuingia Uvira, kisha akateremka tena kusini kufuata ufuko wa Kongo. Jumla hukaribia kilomita 200. Mto Rusizi ukifurika Gatumba, au mpaka ukifungwa kwa sababu za usalama, safari huishia hapo.

Ndiyo maana wengi huchagua maji. Boti nayo haiendi moja kwa moja: hulazimika kuizunguka ncha ya rasi ya Ubwari kabla ya kuingia ghuba ya Baraka, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Mwenye haraka huondokea mwalo usio na afisa wa forodha, usiku, boti ikiwa imezidiwa. Mzigo ukizama au ukinyang'anywa, hana stakabadhi ya kuonyesha wala pa kushitaki.

Linganisha na Kigoma, iliyo umbali wa kilomita 100 hivi angani, zaidi ya mara mbili ya Baraka. Huko kuna njia ya nchi kavu kupitia Nyanza-Lac na Mugina hadi Manyovu. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kilomita 45 za barabara ya Rumonge–Gitaza na kilomita 260 za Kabingo–Kasulu–Manyovu. Ni kazi njema. Ila fedha za utangamano zimefuata lami, wakati jirani wa karibu zaidi wa Rumonge yuko ng'ambo ya maji.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 iliyozalishwa katika nchi wanachama, utaratibu uliobuniwa hasa kwa ajili ya mama mwenye magunia matano. Lakini cheti hicho hugongwa muhuri na afisa wa forodha. Kwenye mwalo usio na afisa, cheti ni hadithi tu.

Daraja la kuvuka ziwa hili halitajengwa. Kina chake hufika mita 1,470. Kinachowezekana ni maafisa wa nchi mbili kufungua kwa saa zinazolingana Rumonge na Baraka, boti kukaguliwa kabla ya kuondoka, na kila abiria kuvaa jaketi la kuokolea. Gharama yake haifikii hata ya kilomita chache za lami.